Jikubali: wimbo, Hombolo na beseni la maji

Wengi wetu tunaujua ule wimbo wa Ben Pol unaoitwa Jikubali. Tumeusikia redioni, saluni, na kwenye simu za watoto wetu. Neno ni moja tu, lakini lile ji- la mbele ndilo lenye kazi yote: kubali, kisha geuza kukubali huko kukurudie mwenyewe. Basi tukaulizana: katika nchi yetu, ni nani aliyepata shida zaidi kujifunza jambo hili? Jibu lilitutoa baharini likatupeleka hadi Hombolo.

Hombolo iko kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, kama kilomita 40. Ni nchi ya Wagogo, kavu, yenye msimu mmoja wa mvua, mashamba ya zabibu na bwawa kubwa lililojengwa mwaka 1957. Vijana wakisikia jina hilo hukumbuka Chuo cha Serikali za Mitaa. Wazee hukumbuka ukoma, kwani hapo palikuwa na kituo cha wagonjwa wa maradhi hayo, kilicholelewa kwa miaka mingi na Kanisa Anglikana.

Visiwani kwetu tusijifanye hatulijui jambo hili. Walezo, pale ambapo leo tunapajua kwa nyumba ya wazee, waliwahi kuwekwa wenye ukoma. Pemba walikuwa na kisiwa cha Funzi. Kila mahali desturi ilikuwa moja: mgonjwa atolewe, akae mbali, na jina lake likome kutajwa. Aliitwa mkoma, kana kwamba maradhi ndiyo yaliyomzaa. Mwanamke aliyepata baka lisilo na hisia mgongoni alilificha na mumewe asilione, akalificha hata na nafsi yake. Kwa kuficha huko maradhi yakapata nafasi ya kula.

Mwaka 1873 daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, aliviona vijidudu vinavyoleta ukoma. Kwa hiyo haukuwa laana wala urithi wa ukoo. Dawa ya dapsoni ilikuja miaka ya 1940, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa mchanganyiko ambazo humponya mtu kabisa. Watu wengi mno miili yao huushinda ugonjwa huu wenyewe, na aliyeanza dawa muda si mrefu haambukizi tena. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000.

Lakini dawa huua vijidudu. Mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haurudishi. Na hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi wa jikoni.

Tulikuwa tukiambiwa utotoni kuwa ukoma hukata vidole. Si hivyo. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, aliwafuatilia wagonjwa wake akaona kuwa vidole vinapotea kwa majeraha. Mkono umekufa ganzi, unashika sufuria ya moto, nyama inaungua na mwenyewe hana habari. Mguu unakanyaga mwiba asubuhi, na jioni bado unatembea juu ya mwiba uleule. Maumivu, tunayoyakimbia kwa vidonge, kumbe ni mlinzi. Yakiondoka, mtu hana wa kumwambia kuwa anaumia.

Sasa mfikirie mwanamke wa Kigogo. Kwao muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio wapigaji, ngoma ikiwa katikati ya mapaja na viganja juu ya ngozi. Amekua akisikia mdundo kwa mikono kabla ya masikio. Kisha viganja vile vinakufa ganzi. Mwambie mtu huyo ajikubali! Wimbo mzuri wa dakika nne hautoshi hapo, tusemeni kweli.

Kilichowafaa wenye maradhi haya ni kazi ndogo ya kila siku. Mtu huloweka miguu na mikono kwenye beseni la maji ya kawaida, kama nusu saa. Husugua taratibu sehemu iliyokuwa ngumu. Hupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ili isipasuke. Kisha hukagua: unyayo mzima, katikati ya vidole, kisigino, na kama hawezi kuona humwomba jirani amtazamie. Sufuria hushikwa kwa kitambaa hata kama mkono unasema hakuna moto. Macho yanafanya kazi ya ngozi. Wahudumu wa afya wamewaweka wagonjwa katika vikundi ili wafanye haya pamoja, kila mmoja akiangalia miguu yake na ya mwenzake.

Sisi tunaona huo ndio upole wa nafsi wenye nguvu zaidi tuliowahi kuusikia: kuuangalia kwa makini mguu ambao ulikufanya ufukuzwe kwenu. Nabii Ayyub, alipofika mwisho wa subira yake, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Aliyekuwa mgonjwa ndiye aliyetakiwa kuunyanyua mguu.

Wala wimbo hatuudharau, jamani. Siti binti Saad wa Fumba, mtoto wa ukoo wa kitumwa, alipokejeliwa mjini kwa sura na asili yake alijibu kwa kuimba, na mwaka 1928 sauti yake ikawekwa kwenye santuri kule Bombay. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake. Ila Siti alikuwa na watu waliokaa kumsikiliza usiku kucha. Aliyepelekwa kando ya kijiji alihitaji kwanza mmoja wa kukaa naye mkeka mmoja.

Tuna sababu ya karibu ya kuyaandika haya. Mama zetu wengi wana sukari, na sukari nayo hutia miguu ganzi. Kuloweka muda mrefu kwao si kuzuri, waulize daktari wao kwanza. Lakini kukagua ni kulekule. Tangu tulipoanza kusoma habari za Hombolo, mmoja wetu humkalisha mama yake barazani baada ya magharibi, akamulika unyayo kwa tochi ya simu. Wiki iliyopita alikuta pini ya ushungi imezama kisiginoni. Mama alikuwa ametembea nayo tangu sokoni.