Pengo la Orodha, Mbarara na Nakivale
Mbarara, mji wa Uganda, ilipata chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 1989, na intaneti ilipofika huko baadaye, vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa, vilikuwa havijaafikiana hata juu ya orodha: Internet Explorer ilisogeza vipengele kwa pambizo, nafasi iliyo nje ya kisanduku, ilhali Mozilla ilitumia nafasi ya ndani. Internet Explorer 6, ya mwaka 2001, ilizidisha kioja, kwani mstari wa msimbo ukikatwa tu kati ya vipengele vyenye viungo vya umbo la kisanduku, pengo lilijitokeza kwenye skrini. Watengenezaji wengi wa kurasa wakavibananisha vipengele hivyo katika mstari mmoja, dawa chungu kwa msomaji wa msimbo. Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini humo tangu 1958, ambako simu ni nyingi kuliko kompyuta, mkanganyiko ulikuwa mwingine: Opera Mini, iliyosambazwa duniani mwaka 2006, ilizipanga kurasa upya kwenye seva kabla ya kuzituma. Kwa orodha zenyewe, kufuta nafasi zote mbili, ya nje na ya ndani, kwa sifuri, kisha kuweka moja, kungali kunafaa.