Fahamu Namna Kanzidata Inavyofuatiliwa Ulizo Linapochukua Muda Mrefu

Mwananchi anapofika katika ofisi ya umma na kuelezwa kuwa "mfumo uko chini", hudhani kuwa mtandao umekatika au seva imezimika. Hata hivyo, yapo mazingira ambayo seva inafanya kazi, isipokuwa ulizo moja, yaani ombi la kusoma au kubadili taarifa zilizomo katika kanzidata, limechukua muda mrefu na maombi mengine yamepanga foleni nyuma yake.

Urefu wa muda pekee si dalili ya hitilafu. Ripoti ya kufunga mwaka wa fedha, inayopitia mamilioni ya kumbukumbu, inaweza kuhitaji saa kadhaa. Msimamizi wa kanzidata hutakiwa kubaini mambo mawili: iwapo ulizo linafanya kazi au linasubiri, na iwapo linazuia mengine.

Katika PostgreSQL, programu huria ya kanzidata iliyopewa jina hilo mwaka 1996, majibu hupatikana katika orodha ya uangalizi iitwayo pg_stat_activity. Orodha hiyo huonesha kila muunganisho, mtumiaji wake, saa ulizo lilipoanza, hali yake na kinachosubiriwa. Aidha, tangu toleo la 9.6, amri ya pg_blocking_pids hubainisha miunganisho inayouzuia mwingine. Watumiaji wa MySQL hupata orodha inayofanana na hiyo kwa amri ya SHOW PROCESSLIST.

Uangalizi huo ni muhimu kwa kuwa chanzo cha foleni si lazima kiwe ulizo refu kuliko yote. Kwa mfano, ripoti ndefu inaposoma jedwali la PostgreSQL, shughuli nyingine za kusoma na kuandika huendelea kama kawaida. Lakini mtaalamu akiamuru safu mpya iongezwe katika jedwali hilo, amri yake husubiri ripoti imalizike, na maombi yote mapya ya jedwali hilo husubiri nyuma ya amri hiyo. Huduma husimama ilhali hakuna kilichoharibika.

Baada ya chanzo kubainika, msimamizi anaweza kusitisha ulizo kwa pg_cancel_backend au kukata muunganisho kwa pg_terminate_backend. Uamuzi huo huhitaji tahadhari, kwa kuwa mabadiliko ya muamala uliositishwa hutenguliwa. Katika MySQL inayotumia InnoDB, kutengua mabadiliko mengi kunaweza kuchukua muda mrefu, na kuzima seva kisha kuiwasha hakuiondoi kazi hiyo. Huendelea seva inapowaka.

Kwa mantiki hiyo, mwananchi ambaye malipo yake yamekwama anashauriwa kuhakiki kwanza hali ya muamala wake kabla ya kulipa tena. Ombi lililo kimya huenda bado limo katika foleni, na linaweza kukamilika baadaye.