Thaler, Reale, Dola: Safari ya Jina la Fedha

Somo hili lilisemwa kwanza katika redio, na sasa limepigwa chapa ili upate kulisoma polepole, peke yako au pamoja na wenzako darasani. Ukifika penye neno geni, usiliruke. Lisome kwa sauti, silabi moja moja, kwa kuwa habari yetu ya leo ni habari ya sauti.

Mara nyingi mtu mzima anayejifunza kusoma huona haya anapokutana na jina la kigeni. Hulinyamazia, au humpa kijana amsomee. Ikiwa jina lenyewe ni la fedha, haya hiyo ina hasara, maana asiyethubutu kutamka jina la fedha hathubutu kuuliza inabadilishwa kwa kiasi gani, wala kwa nini amepunjwa. Basi leo tutazungumza juu ya jina moja la fedha ambalo Waingereza wenyewe walilipokea kutoka kwa wageni, wakalitamka kwa ulimi wao bila kuona haya. Jina hilo ni dola.

Tuanze milimani, katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Huko kuna mji mdogo uitwao Jáchymov. Wajerumani waliuita Joachimsthal, maana yake Bonde la Joachim. Joachim huyo ni mtakatifu, ambaye kwa mapokeo ya Wakristo alikuwa baba yake Bikira Maria. Mwanzoni mwa karne ya 16 watu walivumbua fedha nyingi katika bonde hilo, na mwaka 1516 mji ukaanzishwa. Mabwana wa ukoo wa Schlick, waliokuwa wakuu wa mahali pale, wakapiga sarafu kubwa kwa fedha ile, na kufika mwaka 1520 kazi hiyo ilikuwa imeshika moto. Watu waliziita sarafu hizo Joachimsthaler, yaani "za Bonde la Joachim." Lakini jina hilo ni refu mno kwa mtu aliye sokoni na mzigo kichwani. Wakakata kichwa cha neno, wakabakiza mkia wake: thaler.

Hapa simama kidogo, utazame herufi. Katika Kiswahili tukiona th tunasoma kama katika neno thamani. Mjerumani akiziona herufi hizo hizo katika neno thaler husoma t tupu, kana kwamba imeandikwa "taala." Kumbe herufi ni alama tu. Kila taifa limepatana lenyewe juu ya sauti ya alama zake. Kwa hiyo ukikosea kutamka jina la kigeni mara ya kwanza, usidhani kwamba akili yako ni ndogo. Umefuata mapatano ya lugha yako, nalo jina limeandikwa kwa mapatano ya wengine.

Sasa fuata safari ya neno. Wajerumani wa kaskazini walisema daler, na Waholanzi daalder. Waingereza waliofanya biashara na watu hao wakalisikia neno, na katika karne hiyo hiyo ya 16 wakaanza kuliandika kwa namna mbalimbali: mara daler, mara kwa namna nyingine, hata mwisho likatulia kuwa dollar.

Pengine utauliza: Waingereza wa zamani walilitamkaje, na wakati ule hapakuwa na redio wala chombo cha kunasa sauti? Swali zuri. Mwanahistoria hutafuta ushahidi hata katika mzaha. Mwandishi Shakespeare, katika mchezo wake uitwao The Tempest, ulioandikwa yapata mwaka 1611, anaonyesha watu wawili wakizungumza. Mmoja anataja dollar, na mwenzake anaigeuza kuwa dolour, neno la Kiingereza lenye maana ya huzuni. Mzaha huo haungemchekesha mtu kama maneno hayo mawili yasingefanana masikioni. Basi kwa mzaha huo twajua kwamba zaidi ya miaka 400 iliyopita Mwingereza alikwisha kuiacha "taala" ya Mjerumani, naye alikuwa na sauti yake mwenyewe.

Neno likavuka bahari. Wahispania walikuwa na sarafu kubwa ya fedha yenye thamani ya reales nane, nayo ilienea duniani kote. Waingereza waliohamia Amerika waliiita sarafu hiyo dollar, kwa kuwa ilifanana na thaler kwa ukubwa. Walipokwisha kujitawala, baraza lao liliamua mwaka 1785 kwamba fedha ya nchi iitwe dollar, na sheria ya kupiga sarafu ikatoka mwaka 1792. Mpaka leo Mwingereza hulitamka neno hilo kwa o fupi, karibu na "dola" yetu. Mmarekani hufungua kinywa zaidi, ukasikia karibu na "daala." Wote wawili wanasema Kiingereza, na fedha ni ile ile.

Je, huku kwetu pwani? Katika karne ya 19 fedha kubwa iliyotumika Unguja katika biashara ya karafuu, pembe na nguo ilikuwa sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, daima ikiandikwa mwaka ule ule 1780, kwa sababu wafanya biashara wa Arabuni na Uhabeshi walikataa yenye sura nyingine. Uzito wake ulikuwa gramu 28 na kidogo. Wengi waliozipokea hawakuweza kusoma maandishi yake. Walichunguza lulu za taji na za bizimu ya malkia, na zilipofifia waliikataa.

Waswahili waliita sarafu hiyo reale, neno linalotokana na lile la Wahispania na Wareno, maana yake "ya kifalme." Wafanya biashara wa Kimarekani, ambao balozi wao mdogo wa kwanza alifika Unguja mwaka 1837, waliandika dollar katika daftari zao. Kinywa kilisema reale, kalamu iliandika dollar, na sarafu mezani ilikuwa moja. Mtu asiyejua hayo angeweza kudhani kwamba ni fedha mbili. Mwaka 1882 Sultan Barghash alipiga riale zake mwenyewe.

Jihadhari na jambo moja. Katika Kiswahili tuna neno dola lenye maana ya serikali au utawala. Hilo limetoka katika Kiarabu, wala halina udugu na dola ya fedha, iliyotufikia kwa Kiingereza. Yamekutana kwetu kama wageni wawili wenye jina moja. Ukisoma "mkono wa dola," au "dola kumi," maneno ya jirani ndiyo yatakayokuambia ni ipi.

Tena tazama Ethiopia. Wananchi waliiita fedha yao birr, maana yake fedha, ile madini yenyewe, kama vile sisi tunavyotumia neno moja kwa madini na kwa pesa. Hata hivyo, tangu mwaka 1945 fedha hiyo kwa Kiingereza iliitwa dola ya Ethiopia. Mwaka 1976 serikali yao iliamua kwamba hata kwa Kiingereza iitwe birr. Tangu hapo Mwingereza naye akajifunza kutamka jina la wenyewe. Na watu wa Samoa, ambao lugha yao haina sauti ya d, walipotoa fedha yao mwaka 1967 waliiita tala. Hilo ni neno la Kiingereza dollar katika vinywa vyao, na tazama limerudi karibu kabisa na "taala" ya Wajerumani!

Basi, ndugu msomaji, neno lililotoka bondeni Bohemia limepita katika vinywa vya mataifa mengi, na kila taifa limeacha alama yake. Ukisimama mbele ya dirisha la benki, sema "dola" kwa Kiswahili chako, wazi na bila haya. Kisha soma tarakimu iliyoandikwa, na uhesabu ulichopewa kabla ya kuondoka. Waliozihesabu lulu za taji walifanya hivyo hivyo.

Maswali ya kujadiliana
1. Neno thaler lilitoka wapi, na kwa nini lilifupishwa?
2. Mzaha wa Shakespeare unatufundisha nini juu ya matamshi?
3. Tunga sentensi mbili zenye neno dola, kila moja kwa maana yake.
4. Kwa nini Waethiopia walitaka jina birr litumike hata katika Kiingereza?