Wiki Mbili za Mahindi

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilimpigia bibi simu Misima nikamwambia asipande bado. Mvua ile ya mwanzo wa Machi inadanganya, nilisema. Nilikuwa nimetoka kusoma utabiri. Bibi alinisikiliza, maana mjukuu msomi husikilizwa, akangoja siku kumi na mbili. Majirani hawakungoja. Mvua ilikata katikati ya Mei, mahindi yao yakiwa yameshafunga punje. Ya bibi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele.

Mahindi huvumilia kiu yakiwa machanga, na yakishafunga punje huambulia kitu hata kama ni punje ndogo. Shida ipo katikati. Ukame ukiingia wakati huo, mbelewele hutoka karibu na siku zake lakini ndevu za gunzi huchelewa. Poleni humwagika kabla hazijatoka. Unavuna magunzi yenye mapengo, kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.

Tena mmea hauhesabu siku kama sisi, unahesabu joto. Mfaransa Réaumur alilipendekeza hilo mwaka 1735, kwamba tujumlishe joto la kila siku badala ya kufuata kalenda. Ndiyo maana mbegu inayokomaa kwa miezi minne hivi katika joto la Handeni itachelewa ukiipanda kwenye baridi ya Lushoto. Kwa hiyo ni kosa kuuliza tu mvua imenyesha kiasi gani. Swali la bibi siku zote ni: imenyesha mahindi yakiwa wapi?

Mtama una subira zaidi. Ukikosa maji husimama, ukipata huendelea, na mara nyingine huchipua upya kutoka shinani. Wazigua waliulima sana zamani. Lakini hata wenye mtama walishindwa miaka ya 1830, katika njaa iliyoitwa Kidyakingo, jina ambalo ndani yake limo neno kingo, yaani ngozi. Ukame uliwasukuma watu hadi pwani, na wengi wakaishia utumwani Somalia. Vizazi vyao waliendelea kusema Kizigua kandokando ya mto Juba, na baada ya vita vya 1991 baadhi yao walirudi, wakapewa ardhi Chogo, hapa hapa Handeni. Huwa nalifikiria hilo kila ninaposikia mtu akisema mvua "imechelewa kidogo".

Kuna kalenda nyingine ambayo haikutoka mawinguni. Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, na mashamba yakaenea hadi Korogwe. Mkonge hauna haraka. Hukaa miaka, hutoa maua mara moja tu juu ya mlingoti wake, kisha hufa; wiki mbili si kitu kwake. Baba yake bibi aliukata miaka ya 1950. Kipande chake kilihesabu siku thelathini za kazi, na malipo yalikuja kikijaa. Bibi anakumbuka mvua kuanguka kipande kikiwa hakijafika hata nusu. Mama yake alianza kupanda peke yake kwa jembe la mkono, watoto wakifuata nyuma kufukia mbegu. Upande mmoja wa shamba ulipandwa mapema, upande wa pili baba aliporudi. Njaa ya mwaka ule, anasema, ungeweza kuiona kwa macho: mstari ulipita katikati ya shamba.

Nilimwomba radhi kwa zile siku kumi na mbili. Alicheka, akauliza kama chuoni wanatufundisha kupanda au kusoma.

Mwaka huu alipiga yeye, mwishoni mwa Februari. Alikuwa ameshapanda, mahindi upande wa bondeni na mtama kule juu. Alitaka tu kujua nitakuja lini kupalilia.