Ploti A, Ploti B

Picha ya punda milia ndiyo iliyoshinda. Mimi nilikuwa upande wa ile nyingine, ya geti na vigingi vyekundu, kwa sababu ndivyo ploti ilivyo ukifika: geti, vigingi na upepo. Nilikuwa naandikia tovuti ya kampuni moja ya kuuza ploti Kitengela, ofisi yetu ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Kila aliyefungua ukurasa wetu alionyeshwa moja kati ya picha hizo mbili, kompyuta ikichagua kama mtu anayerusha shilingi. Maneno yalikuwa yale yale: 50 kwa 100, hati tayari, lipa pole pole. Wiki tatu baadaye tukahesabu ni wangapi walioacha namba ya simu. Punda milia alikuwa ametuacha mbali.

"Umeona?" bosi akaniambia. "Wewe endelea na vigingi vyako."

Wengi wetu kwenye kazi hii tunadhani mbinu hii ilitoka California. Wapi! Ilianzia kwenye ploti, na sisemi kwa mafumbo. Huko Rothamsted, kaskazini mwa London, tangu 1843 watu walikuwa wakipanda ngano kwenye vipande vya shamba, kila kipande na mbolea yake, waone kipi kitatoa zaidi. Shida ni moja, na mtu yeyote aliyejaribu mahindi Isinya anaijua: upande huu wa ua unashika maji, upande ule ni mawe. Kipande kikizaa vizuri, ni mbolea au ni udongo?

Mwaka 1919 Rothamsted wakamwajiri mwanahesabu, R. A. Fisher. Jibu lake lilikuwa rahisi mpaka linaudhi. Usichague mwenyewe kipande kipi kipate mbolea gani, piga kura. Rudia mara za kutosha, udongo mzuri na mbaya utagawanyika pande zote, na tofauti inayobaki utaweza kuipima kama ni ya mbolea au ni bahati tu. Aliyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1935, The Design of Experiments. Shilingi ya kompyuta yetu ni ile kura yake.

Watu wa matangazo nao hawakuwa wamelala. Mmarekani Claude Hopkins aliandika mwaka 1923 jinsi ya kupima tangazo kwa kuponi: kila tangazo na kuponi yake, wateja wanaikata na kuituma kwa posta, wewe unahesabu.

Halafu kuna kisa tunachopenda kukiita chetu. Kenya tulipewa sikukuu tarehe 6 Novemba 2008 kwa ajili ya Obama, lakini ni wachache wanaokumbuka ukurasa wa tovuti yake ya kampeni. Dan Siroker, aliyetoka Google kwenda kumsaidia, alijaribu vitufe 4 pamoja na picha na video 6, jumla michanganyiko 24, kwa wageni kama 310,000. Timu yenyewe iliipenda video ya hotuba. Video zote zikashindwa na picha tulivu ya familia, yenye kitufe kilichomwalika mtu ajue zaidi. Waliojiandikisha wakapanda kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6.

Hicho kisa bosi alikijua kwa moyo. Nami sina ubishi nacho. Ubishi wangu ni kwamba Rothamsted walingoja mavuno, wakapima nafaka. Sisi tulipima kuota. Namba ya simu ni mche tu.

Niliyaona hayo Jumamosi moja, tulipopeleka wateja upande wa Kisaju kwa matatu ya kukodi. Ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi ulikuwa unavua watu viatu. Mama mmoja muuguzi akasimama kando ya kigingi, akatazama huku na huku.

"Kijana wangu, wale punda milia wako wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Swali lake lina jibu refu. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini. Tangu zamani wanyama walitoka mvua ikianza, wakaenda malishoni nyanda za Kitengela na Kaputiei, kisha wakarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama na kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwa, vikazungushiwa ua. Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waiache wazi. Hebu weka dola 4 kando ya bei ya mnunuzi wa Nairobi mwenye pesa mkononi, na mzee ana karo ya kulipa. Nyumbu wa nyanda hizo walikuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978. Kufikia 2011 hawakufika 3,000.

Kwa hiyo tulikuwa tunauza ua kwa kutumia picha ya mnyama anayezuiwa na ua huo.

Niliporudi ofisini nikachukua daftari la malipo nikaanza kulinganisha: nani aliingia kwa punda milia, nani kwa geti, na nani alilipa. Kazi ya jioni nne. Wa geti walikuwa wachache, lakini walipofika walikuta kile walichokiona, na wakatoa pesa. Kwenye malipo punda milia hakuwa tena mbele. Siwezi kuapa kwamba geti lilishinda. Waliolipa walikuwa wachache mno kutenganisha na bahati, na Fisher angenifukuza kama ningedai.

Bosi alisoma hesabu yangu hadi mwisho, nampa hiyo. Kisha akaniambia kwamba wenye kampuni wanauliza jambo moja kila mwezi: namba ngapi za simu. Picha ikabaki.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Hivi majuzi nilipita pale Kisaju nikielekea Kajiado. Ploti zile zina seng'enge pande zote nne, na mbili tayari zina tangi la maji.