Chuma Kizito, Njia Ndefu: Pikipiki Zilizochaguliwa na Zilizoachwa Njiani

Wadau wa magurudumu mawili, anzeni na picha hii. Ni mwaka 2004, Mongolia. Wanaume watatu wako katikati ya safari ya kutoka London hadi New York kwa kuzunguka upande wa mashariki: nyota mmoja wa sinema kutoka Uskoti, rafiki yake ambaye naye ni mwigizaji, na mpiga picha wa video anayewafuata na kamera. Wote wako juu ya BMW R1150GS Adventure, pikipiki ambayo wakati huo ilikuwa ndoto ya kila mtu mwenye pesa na hamu ya vumbi. Tangi lake linabeba lita 30. Uzito wake, kabla hujafunga hata begi moja, unapita kilo 250.

Halafu ya mpiga picha ikaharibika kiasi kwamba mafundi wa kule hawakuweza kuifufua.

Unajua walifanya nini? Walinunua Izh Planeta 5. Ni ya Kirusi, silinda moja, cc 346, toleo ambalo Ulaya mtu angelipita bila kugeuka. Lakini kule watu wanalijua ndani nje. Mpiga picha akaipanda, safari ikaendelea, na BMW ya mamilioni ikasafirishwa ikatengenezwe mahali penye vifaa.

Hapo ndipo kuna mzozo wote wa pikipiki ya safari ndefu, ile inayopita lami, kokoto, mchanga na tope ndani ya wiki moja. Dukani watu huuliza nguvu ya injini, spidi, taa za kisasa na ukubwa wa skrini. Njiani swali hubadilika: ikilala chini, nani ataiinua? Na ikizima, nani ataiwasha? Swali hili lina umri wa miaka 90 na zaidi, na wamelijibu watu wa kila aina. Majina yao hapa hayatatajwa. Ya pikipiki ndiyo yatatajwa, maana ndizo zilizobeba kazi.

Rudi nyuma hadi tarehe 11 Desemba 1934. Wanawake wawili wa Kiingereza waliondoka London kuelekea Cape Town. Siyo Dakar, siyo Cairo, Cape Town. Wakati huo mwanamke kuendesha pikipiki mtaani tu ilikuwa gumzo, achilia mbali kuvuka Sahara. Chaguo lao lilikuwa Panther ya cc 600, silinda moja, ikiwa na kigari cha pembeni na tela nyuma. Ukiitazama leo utacheka kidogo: mtu na akili zake anavuta tela kwenye mchanga? Lakini wao hawakuwa na gari la msaada nyuma, wala simu. Mahema, vyombo, spea na chakula vilipaswa kukaa mahali. Kigari cha pembeni kina faida moja kubwa, hakianguki ovyo. Ubaya wake ni kwamba kinazama, na kikizama unakitoa kwa koleo na mgongo wako.

Injini iliwafia jangwani. Walipofika Agadez, katika nchi ambayo leo ni Niger, waliifungua yote na kuijenga upya. Hapa ndipo chaguo lao lilipojitetea. Silinda moja ina vitu vichache vya kuharibika. Na mmoja wa wanawake wale alikuwa amesomea uhandisi, kwa hiyo fundi wa safari alikuwa amekaa kwenye usukani. Baadaye walipita Kongo, wakaingia Afrika Mashariki, wakashuka Tanganyika na kuendelea kusini. Waliingia Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Miezi saba na nusu.

Sasa ruka hadi mwaka 1973. Mwandishi mmoja wa habari wa London, umri miaka 42, hakuwa mwendesha pikipiki wa miaka mingi hata kidogo. Lakini aliamua kuizunguka dunia, na gazeti moja kubwa likamuunga mkono. Alichagua Triumph Tiger 100 ya cc 500. Kwa macho ya leo lilikuwa chaguo la ajabu. Si pikipiki ya vumbi, ni ya barabarani. Mbaya zaidi, Septemba ya mwaka huo huo wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph pale Meriden walikuwa wamefunga mageti kupinga mpango wa kukifunga kiwanda chao. Yaani mtu anaenda kuzunguka dunia na pikipiki ambayo mahali ilipozaliwa pana mgomo!

Tena aliondoka London tarehe 6 Oktoba 1973, siku ile ile vita vya Misri na Syria dhidi ya Israeli vilipolipuka. Njia yake ilikuwa ipite Libya na Misri. Akaenda hivyo hivyo.

Kwa nini Triumph haikumwangusha kabisa? Ilikuwa nyepesi. Uzito wake ni kama kilo 160 ikiwa tupu, kiasi ambacho mtu mzima asiye bondia anaweza kukiinua peke yake, hata kama ataketi chini kwanza apumue. Na kwenye mchanga wa Sudan, kuinua pikipiki ndiyo kazi yenyewe. Kuendesha ni mapumziko katikati. Sababu ya pili ni kwamba Waingereza walikuwa wamesambaza pikipiki zao katika makoloni yao kwa miaka mingi. Afrika, India hadi Australia, palikuwa na mafundi waliokwisha kuifungua injini ya aina ile. Alipita Ethiopia, Kenya, Tanzania, akaenda hadi Afrika Kusini, kisha Amerika ya Kusini na kwingineko. Aliporudi nyumbani ilikuwa 1977, miaka minne, nchi 45, kilomita zaidi ya 100,000.

Wakati yeye anamaliza, Wajapani walikuwa wameshaleta jibu lao. Yamaha XT500 iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970: silinda moja, cc 499, kuwasha kwa teke tu. Wenye miguu myepesi waliilaani asubuhi za baridi, maana usipolijua teke lake inakurudishia kwenye kifundo. Lakini ilikuwa nyepesi, na fundi aliyezoea kabureta moja haimtishi. Mwaka 1977 mshindani mmoja Mfaransa alipotea na pikipiki yake kwenye jangwa la Libya akiwa mashindanoni, akaponea chupuchupu. Badala ya kuapa kutokanyaga tena mchanga, akaanzisha mashindano yake mwenyewe: Paris hadi Dakar. Ya kwanza yaliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Aliyeshinda upande wa pikipiki alikuwa juu ya XT500, na mwaka 1980 ikashinda tena.

Wajerumani waliona. Kitengo cha pikipiki cha BMW kilikuwa na hali ngumu mwishoni mwa miaka ile ya 1970, na mwaka 1980 wakatoa R80 G/S. Herufi zile ni kifupi cha maneno mawili ya Kijerumani, porini na barabarani. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu karibu kila pikipiki kubwa ya safari unayoiona leo ina damu ya ile.

Ilikuwa na silinda mbili zilizolala, moja kushoto, moja kulia, zikipigana ngumi kama mabondia. Ndiyo maana injini hiyo huitwa bokseri. Cc 797, nguvu farasi 50, uzito chini ya kilo 190. Haikuwa na cheni. Nguvu ilienda gurudumu la nyuma kwa shafti, kama gari, na gurudumu lenyewe lilishikwa upande mmoja tu, unafungua nati tatu linatoka. Pancha ya nyuma ikawa kazi ya dakika chache. Kuhusu shafti watu wanabishana hadi leo, na pande zote mbili zina hoja. Cheni inakula vumbi na kulegea, utaipaka oili kila jioni, lakini ikikatika unaunganisha kando ya barabara na maisha yanaendelea. Shafti unaisahau kwa maelfu ya kilomita. Ikigoma, umefika mwisho wa safari hadi spea ije na ndege.

G/S ilishinda Paris-Dakar mwaka 1981, kisha 1983, 1984 na 1985. Biashara ikachangamka, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza, kunenepa. Mwaka 1987 ikaja R100GS, kubwa zaidi. Mwaka 1994 R1100GS, kilo zaidi ya 240. Kisha R1150GS. Kati ya ile ya kwanza ya 1980 na ile iliyokwenda Mongolia mwaka 2004 ziliongezeka kilo zaidi ya 60. Mfuko wa saruji una kilo 50. Yaani kila unapoiinua kwenye tope, unainua pikipiki ya zamani pamoja na mfuko mzima wa saruji uliofungwa juu yake, na bado kidogo.

Kuhusu wale waigizaji, haki itendeke. Walifika New York tarehe 29 Julai 2004. Pikipiki zao zilipigwa, fremu zilipasuka na kuchomelewa, zikafika. Lakini hawakuwa peke yao. Palikuwa na magari ya msaada, na kwenye mito ya Siberia malori makubwa yaliwavusha. Kabla ya kuondoka, mmoja wao alikuwa ameitaka KTM kwa moyo wote, nyepesi na ya porini zaidi. Kampuni ikakataa kuwadhamini, kwa kuona kwamba safari ile huenda isifanikiwe. Alinuna kweli. BMW wakatoa zao, na baada ya kipindi kurushwa kwenye televisheni, GS ikawa ndiyo sare ya kila mwenye ndoto ya safari. Mwaka 2007 wale wale wawili walishuka kutoka Uskoti hadi Cape Town, wakipita Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Juu ya nini? R1200GS Adventure.

Tangu hapo watengenezaji wenyewe wamerudi nyuma kidogo. Royal Enfield Himalayan ya mwaka 2016 ilikuja na silinda moja ya cc 411 na nguvu ya kawaida kabisa, na watu wakaigombania. Yamaha wakalirudisha jina la Ténéré, jangwa la jirani na Agadez ile ile ya akina mama wa Panther, kwenye pikipiki ya cc 689.

Na huku kwetu? Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, kuanzia Kigoma hadi Marsabit. Utakuta Boxer pia, ila siyo ya Munich, ni ya Bajaj kutoka India, cc 100 au 150, imebeba abiria wawili, gunia la mkaa na kuku. Haina haja ya kompyuta. Cheni, klachi, spoku, plagi, vyote viko duka la spea pale centa, na kijana wa miaka 18 anaijua kwa kuisikiliza tu. Kwenye barabara mbaya mtu wa Boxer anakupita ukiwa bado unatafuta pa kuweka mguu. Hataki kwenda New York, sawa. Lakini ikimzimia, jioni yuko nyumbani.

Yule mwandishi wa Triumph alilielewa hili kuliko wengi. Januari 2001, akiwa na miaka 69, aliondoka tena kuifuata njia yake ya zamani. Safari hii angeweza kupata chochote kilichokuwa kiwandani. Injini za sindano za mafuta zilikuwepo, breki za kompyuta zilikuwepo. Akachagua BMW R80GS, ndugu wa ile ya 1980: kabureta, kupozwa kwa hewa, toleo lililokwisha kusimamishwa kutengenezwa katika miaka ya 1990. Kenya ilimvunja mguu. Nchi ile ile aliyoivuka kijana wa arobaini na ushee sasa ilimlaza kitandani mzee. Alisubiri mfupa uunge, akapanda tena, akaendelea. Miaka miwili na nusu, nchi 47.