Mjane au mtalaka wa miaka 45 na zaidi: tendo la ndoa, mwili na haki yake

Mwanamume wa miaka 50 aliyefiwa na mke akitafuta mwenza, watu husema bado ana nguvu. Mjane wa umri huohuo akionekana na mtu, kijiji kizima hupata la kusema. Ndiyo maana akina mama wengi hujificha, na zahanati hawaendi kuuliza, maana muuguzi pengine ni rika la mtoto wao.

Ukomo wa hedhi kwa kawaida huja kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, na tendo linaweza kuuma. Si laana, wala si kwamba hamu imekwisha. Kwa wengi ipo palepale. Kilainishi cha maji, kinachouzwa famasi, husaidia. Ukavu ukizidi, daktari anaweza kukuandikia krimu ya estrojeni. Mafuta ya nazi na ya kujipaka yana shida moja kubwa: huidhoofisha kondomu ya mpira ikapasuka.

Na kondomu bado inahitajika, mama. Mimba inaweza kuingia hata kama hedhi inaruka miezi. Aliyefikisha miaka 50 hushauriwa kuendelea na kinga mpaka apite mwaka mzima bila hedhi. Ikikatika kabla ya 50, miaka miwili. VVU navyo haviulizi umri, na uke mkavu huchubuka kirahisi, virusi vikapata njia. Ukipata mwenza mpya, pimeni wote wawili kwanza. Yeye akikataa kupima, hilo nalo ni jibu.

Damu ikitoka baada ya mwaka bila hedhi, hata kidogo, nenda hospitali. Mara nyingi ni jambo dogo, lakini inaweza kuwa saratani.

Halafu kuna suala la kurithiwa. Hapa Tanzania, kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mjane yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, mila iseme isemavyo. Shemeji hana haki juu ya mwili wako, hata kama ukoo umeshakaa kikao. Akikulazimisha, dawati la jinsia na watoto la polisi hupokea malalamiko ya namna hiyo.